Wakili wa Kumkomoa Mchongoko

Jumamosi, 8 Machi

Mimi nikigonga kigae, fundi aliyekilaza miaka kumi iliyopita anashtuka usingizini huko aliko. Hilo si jigambo, ni taarifa tu. Chini ya jua hili hakuna sikio kama hili langu la kulia. La kushoto nalo si haba. Shule niliiacha njiani — au yenyewe iliniacha, tusibishane — lakini sakafu nazisoma kama wengine wanavyosoma gazeti.

Leo tumeenda kuona nyumba anayotaka kununua Dada. Dada ni muuguzi. Benki imekubali kumkopesha, mradi karatasi za nyumba ziwe safi. Na lazima tuipate, maana hapa tulipopanga mwenye nyumba anataka kubomoa ajenge maduka. Nyumba yenyewe tamu. Kuna chumba kimoja kina madirisha mawili. Mama alipokiona akaanza kupima kwa macho pa kuweka cherehani. Tangu mimi natambaa anashonea koridoni, kwenye giza.

Anayeuza ni bibi mmoja mjane. Mpole. Alimshika Mama mkono, akamwambia mapazia haya nitakuachia, nilishona mwenyewe. Basi nimempa jina: Bibi Mapazia.

Mimi nikapiga magoti kugonga vigae. Jikoni, karibu na mlango, nikasikia patupu. Nikasema. Ndipo dalali, yule mwenye viatu vilivyochongoka kama mdomo wa korongo, akacheka mbele ya wote. Eti, "Kijana, unatafuta panya?" Kisha akamgeukia Dada: "Dada yangu, mambo ya nyumba yanataka kichwa. Huyu mwachie kazi za magoti."

Kazi za magoti.

Dada alitabasamu. Kidogo tu, lakini niliona.

Sawa, Bwana Mchongoko. Umechokoza mzinga, na nyuki wenyewe ni mimi.

Jumatatu, 10 Machi

Mchongoko kapiga simu. Dada asihangaike kutafuta wakili, anaye wake, ghorofa ya juu ya ofisi yao, atamaliza fasta. Nikamwambia Dada: ukimpa paka wa jirani alinde kitoweo, usije ukamlaumu paka. Wakili huyo anakula kwa mkono wa nani? Wa Mchongoko. Siku ukiona kasoro ukataka kujitoa, atakushauri nini?

Dada akanitazama sana. Akasema leo nimesema neno la maana. Mama akasema andikeni tarehe. Nimeandika, iko hapo juu.

Kwa kuwa yeye ana zamu wodini, kanipa kazi: nimtafutie wakili, yeye aje kuamua. Mimi, mtu wa magoti. Nimetembea nyumbani kama mkuu wa kituo cha polisi. Mama kaniambia nishushe mabega, nitavunja taa.

Jumatano, 12 Machi

Wakili wa kwanza. Mwanamke, kapendekezwa na matroni wa Dada. Ofisi iko juu ya duka la miwani. Maua dirishani, mafaili yamepangwa kama vigae vyangu. Lakini sauti! Feni ilikuwa inamshinda. Mnong'ono.

Maswali yake ya kuchosha. Benki gani? Kwa sababu kila benki ina orodha yake ya mawakili inaowakubali, na yeye yumo kwenye hiyo ya Dada. Hati ya nyumba ina jina la nani? Muuzaji ana ndugu wanaodai? Halafu: "Maagizo nayapokea kwa nani? Nataka mtu mmoja tu, na kwa maandishi." Dada akajibu, "Kwangu mimi, mnunuzi." Mnong'ono akanitupia jicho mimi, kama mtu anayehesabu vijiko vyake baada ya mgeni kuondoka.

Nikagonga meza yake kwa kifundo. Mbao imejaa. Mwenyewe je? Nikamuuliza: dalali akituletea ujeuri, utamliza? Akajibu polepole, "Kazi yangu ni kuhamisha nyumba, kaka. Hasira sihamishi."

Mtupu. Dada kampenda. Mama, ambaye hata hakwenda, naye kampenda. Mimi nimewaambia mtu wa kunong'ona atatuuza kwa kunong'ona.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempata mtu wangu.

Fundi umeme tunayefanya naye kazi kaniambia: yuko wakili mmoja alimshtaki Mchongoko mwaka jana, akamgaragaza, Mchongoko akatoka mahakamani anatembea kama kiatu kimembana. Nikaweka kijiko changu cha saruji chini, nikaenda na vumbi langu.

Nampa jina Radi. Akiongea glasi ya maji inatetemeka mezani. Nikamsimulia habari ya kazi za magoti. Akapiga meza: "Atapiga magoti yeye!" Jamani. Nilitaka kumkumbatia.

Jioni nikamweleza Dada. Akauliza, anafanya kazi za kuhamisha nyumba? Nikamwambia mtu aliyemshinda Mchongoko atashindwa na nyumba isiyo na mdomo? Akacheka kwa uchovu. Akasema haya, mdogo wangu, kwenye paka wa jirani uliona mbali, na hili nakuamini.

Nakuamini. Mchongoko, umesikia?

Alhamisi, 20 Machi

Dada kamwajiri Radi juzi. Leo benki imepiga. Radi hayumo kwenye orodha yao. Kwa hiyo benki itaweka wakili wake, na Dada atawalipa wote wawili. Dada aliosha kikombe kilekile mara mbili. Mama yeye alisema: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Radi simu hapokei. Karani wake anasema yuko mahakamani, kesi ya watu waliopigana harusini.

Kumbe Mchongoko amepata habari. Kamtumia Dada meseji: hongereni kwa wakili, anajua hata hati inafananaje? Tena kaniulizia na mimi, magoti yangu hayajambo?

Cheka. Cheka na meno yote, bado yapo.

Alhamisi, 27 Machi

LEO.

Radi kanipigia mimi, simu ya Dada imezimwa, yuko wodini. Majibu ya upekuzi wa hati yamerudi kutoka ofisi ya ardhi. Nyumba bado iko kwa jina la marehemu mume wa Bibi Mapazia! "Kijana, nimemshika koo. Mchongoko anatuuzia mali ya marehemu. Niandike barua ya moto?"

Mzee, nikamwambia, moto hadi majivu.

Akanisomea kwenye simu. Ulaghai. Njama. Kuficha ukweli kwa makusudi. Kila neno nililisikia likitua kwenye ncha ya kile kiatu. Nikaomba aongeze kwamba dalali apige magoti. Akasema barua za mawakili haziandikwi hivyo, ila ataweka "aombe radhi kwa maandishi". Nakala kwa muuzaji, nakala kwa benki. Barua imeondoka.

Nimelaza vigae vya bafu zima huku napiga mluzi. Vimenyooka kama maji.

Jumapili, 30 Machi

Nimekutana na Mchongoko barabarani. Hakunisalimia. Nikamwinamia, nikamwangalia viatu. Nikamwambia shikamoo, magoti hayajambo?

Raha nyingine hazinunuliki.

Jumatano, 2 Aprili

Benki imesimamisha mkopo. Wameona neno ulaghai, wameweka faili pembeni hadi lielezwe.

Na Bibi Mapazia kampigia Mama. Mama aliweka simu mbali na sikio kidogo, tukasikia wote. Mirathi ilikwisha mahakamani, karatasi anazo, kubadilisha jina tu ndiko kumechelewa. Watoto wake wameisoma ile barua, wanamwuliza amemwibia nani. Hakufoka. Alisema, "Mama mwenzangu, ungeniuliza tu." Halafu akasema nyumba haiuzi tena kwetu. Akakata.

Mchongoko? Ana nyumba nyingine mbili za kuuza wiki hii. Hajaungua hata kamba ya kiatu.

Mama alikuwa amekwisha kukata kitambaa cha meza ya cherehani, kwa kipimo cha kile chumba. Amekikunja. Kisha akarudi koridoni kushona.

Ijumaa, 4 Aprili

Dada kaenda kwa Mnong'ono. Kumbe lilikuwa jambo dogo: jina lihamie kwanza kwa bibi, ndipo lije kwetu. Barua moja ya adabu ingetosha. Mnong'ono yuko tayari kwenda mwenyewe kwa Bibi Mapazia kumwomba radhi, na kwa benki pia. Lakini kwanza anataka kujua jambo moja, maana bibi ataliuliza: nani aliagiza barua ile?

Dada kampigia Radi hapa hapa mezani, kamweka spika. Radi akanguruma kwamba mteja aliridhia, yeye haandiki bila ridhaa. Dada kasema ni mwongo, Jumatatu anakwenda kumshtaki kwa wakubwa wake. Radi akasema nenda, akakata.

Sasa Dada anaandika malalamiko. Mimi niko chumbani, mlango nimeurudisha. Nasikia kalamu yake.

Mchongoko bado namdai, hilo lisisahaulike. Na vigae vya jikoni vilikuwa vitupu kweli, sikio halikukosea. Sikio halijakosea hata mara moja.

Dada ananiita: "Mdogo wangu, njoo. Wewe ndiye ulinipa habari ya ile barua. Nikumbushe, siku ile wakili alikwambia nini?"

Radi alisema, "Dada yako ameridhia?" Ndivyo alivyouliza, tena kwa sauti ya chini, sauti ya kazi, wala haikuwa radi. Nikajibu ameridhia, mzee, yuko hapa pembeni yangu.

Pembeni yangu palikuwa na ndoo ya saruji. Nilikuwa peke yangu kwenye bafu la watu, nimepiga magoti.

Ananiita tena.