Nani Aliwaonyesha Tash-Bulak?

Tash-Bulak, malisho ya juu
19 Juni

Kubat,

Juzi asubuhi nilipoteza bonde letu. Nilivuka mto na watalii wangu wanne, nikakuta mahema tisa ya watu wa mjini Bishkek palepale tunapolala sisi. Miaka kumi na moja hakuna dereva mwingine zaidi yetu aliyejua kwamba mto huu unavukika kwa gari. Kivuko nilikitafuta mwenyewe, gari likasombwa mara mbili. Wakijaa hapa, mgeni atanifuata mimi kwa lipi? Sina bonde jingine.

Sasa salamu. Hujambo? Kikohozi je? Mama yuko nami hapa, mzima, magoti tu.

Nimemuuliza mpishi wao nani kawaleta. Akacheka: "Dada, bosi katoka na njia hii seminani." Ile ya kupanga misafara na safari ndefu za nchi kavu, ya mwezi wa tatu. Ile niliyokupeleka wewe, ujifunze vibali na huduma ya kwanza! Njia tunaijua wawili, na mimi semina sikwenda.

Nieleze. Lori la maziwa linasimama ng'ambo ya mto, nampa dereva barua hii.

Dada yako,
Zuurakan

*

Naryn, 22 Juni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimepoa, nakunywa mafuta ya mkia wa kondoo kama ulivyoniagiza. Mwambie Mama asiteke maji mwenyewe. Gari la pili liko tayari kwa kundi la Julai.

Usinifikirie vibaya. Siku ya pili mwalimu alitaka kila mtu achore safari yake: vivuko, pa kulala, petroli ya akiba, njia ya kumtoa mgonjwa. Nilichora ya uongo, dada! Darasa zima nililipeleka kwenye kinamasi. Mwalimu akanisifu.

Ila kulikuwa na Samat, mwenye kampuni ya hao wa Bishkek. Wakati wa chakula akaniuliza mimi wa ukoo gani, kisha akataja babu zake saba kama desturi yetu, kuanzia baba yake: Turdubek, Omur, Botoy, Kachkyn, Malabay, Nurak. Kuanzia Botoy kurudi nyuma ni wetu! Akasema, "Mdogo wangu, nyie mnavukia wapi?" Ndugu wa damu, tunakula sahani moja, ningemwambia sijui? Hata wewe usingeweza. Aliapa kwamba atakuja na familia yake tu.

Mdogo wako,
Kubat

*

Tash-Bulak, 25 Juni

Kubat,

Mama anakusalimu. Maji nateka mimi. Mahema sasa ni kumi na mawili.

Umeandika babu saba. Nimewahesabu, ni sita. Anayekosekana ni Tilekmat, baba wa Malabay. Ndiye yuleyule uliyemruka mbele ya babu ulipokuwa mtoto, ukamruka tena harusini kwangu mpaka mashemeji wakakuuliza alikukosea nini. Mtu wa ukoo wetu angefundishwa na baba yake. Angekosea, ndiyo, lakini kwa nini akosee kosa lako?

Kwa hiyo naona mambo mawili. Labda ulisimama darasani ukajigamba kwa majina yako, yeye akayameza na pengo lake, mchana akakutemea, nawe ukamwita ndugu. Ujinga huo nitausamehe. Utakuja na gari la pili, tutatafuta kivuko kingine pamoja hata kama ni mpaka theluji.

Au Samat hakutaja babu yeyote. Ulimpa njia kwa sababu zako, na majina haya umeyaandika mezani kwa kichwa chako mwenyewe. Ikiwa ni hivyo, funguo za gari muachie fundi, wala usipande huku.

Usiniandikie habari za mafuta ya kondoo. Majina yale yalitoka kinywani mwa Samat, ndiyo au hapana? Lori linapanda Jumamosi, linafika saa saba mchana. Nitakuwa ng'ambo nalisubiri. Nataka neno moja.

Dada yako, mpaka Jumamosi,
Zuurakan