Rangi ya Kiazi Imefika Machoni

Ugalla, Mpanda

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka! Mgongo unaendeleaje? Na baba, bado anakohoa asubuhi, au ameanza kukusikiliza na kuvaa koti? Sisi huku ni wazima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea. Network ya huku mpaka upande juu ya kichuguu, na habari niliyonayo siyo ya kupigia kelele kichuguuni, ndiyo maana nimempa mjomba Shija barua hii, anakuja huko kwa basi.

Minza anaona, mama. Mjukuu wako anaona!

Nilikuficha, unisamehe. Mwaka jana, jua likishazama tu, alikuwa anapapasa ukuta kutafuta mlango. Akajigonga kwenye kinu, akakanyaga bakuli la uji. Mchana hana shida, anakimbiza ndama. Jioni anakaa chini kimya, anasubiri abebwe. Mtoto wa miaka minne! Nililia mpaka mume wangu Masanja akaanza kunikwepa. Nesi wa zahanati alimpa matone ya vitamini A, akaniambia ugonjwa huo ukiachwa mtoto anapofuka moja kwa moja, kwa hiyo nimlishe mapapai, mboga za majani na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Macho yakarudi, nami nikapanda viazi shamba zima.

Akala, mama. Asubuhi viazi, jioni viazi. Hata choo chake kilikuwa na rangi ileile ya chungwa, nikafurahi kama mjinga, nikasema mwanangu anakula vizuri. Kiangazi kilipofika, akaanza tena kupapasa ukuta.

Hapo niliogopa kweli. Nikambeba mgongoni hadi zahanati. Nesi akampa matone mengine, kisha akaniuliza, "Dada, hivyo viazi unampikia na mafuta gani?"

Nikamjibu, maji na chumvi, kama tulivyolelewa.

Akashika kichwa. "Sasa wewe! Ile rangi ya kiazi ndiyo yenyewe inayotakiwa, lakini haichanganyiki na maji. Tumboni inabebwa na mafuta, ndiyo utumbo unaipokea na kuigeuza vitamini. Bila mafuta, nyingi inapita tu, unaikuta chooni. Na nyie wenye ng'ombe wote hao mnakosa mafuta?"

Aibu niliyoipata siwezi kuiandika. Mafuta tunayo! Ila kwenye boma letu samli ni ya mama mkwe. Kila tone linaingia kwenye kibuyu chake, na kibuyu kinakwenda mjini kwa wateja wake. Watoto wanabaki na maziwa yaliyokwisha kutolewa mafuta. Mke wa mtoto haombi samli, sembuse kugusa kibuyu. Mimi niligusa. Nilichota kijiko mchana kweupe, mbele ya macho yake, nikakitia kwenye viazi vya Minza.

"Kulwa, umepata wazimu? Kibuyu changu?"

"Mama, nisamehe, lakini mtoto anapofuka na mafuta tunayo ndani."

"Tangu lini samli ikatibu macho? Mimi nimelea saba bila hiyo."

Nikapiga magoti, nikamwomba radhi kwa heshima zote. Kesho yake nikachota tena. Hakunisemesha wiki nzima. Masanja akajifanya anatafuta ng'ombe aliyepotea, kumbe wote wapo zizini.

Michembe nayo, vile vipande vya viazi vya kukausha, sianiki tena juu ya jiwe. Usikasirike, mama, lakini jua kali linaiua ile rangi mpaka kiazi kinapauka. Siku hizi naanika kivulini, na wewe jaribu.

Mvua zikaja, zikaisha. Nesi alisema matone yale yameshamaliza nguvu, sasa ni chakula chenyewe kinachofanya kazi. Juzi jioni ushanga wa mama mkwe ulikatika uani, shanga zikatawanyika mchangani. Jua lilikuwa limeshazama, sisi wakubwa tunahangaika. Minza akachuchumaa, akaanza kuokota moja moja. "Bibi, hii nyeusi umeiacha hapa."

Nyeusi, mama, na giza linaingia! Mama mkwe akamtazama, akaketi chini, akalia. Asubuhi yake aliingia jikoni kwangu na kibuyu, akamimina mwenyewe, na akanigombeza kwamba kijiko changu ni kidogo.

Nimeshinda, mama. Natembea kijijini nimenyoosha shingo, na hata wanawake wa kijiji cha pili, Magamba, wameanza kuja kuniuliza.

Nisalimie baba, pacha wangu Doto na wanawe, na shangazi yule aliyenifundisha kusuka. Mwambie mke wa kaka asimpe mtoto mboga isiyotiwa mafuta.

Mimi mwanao anayekupenda,
Kulwa

Huo mstari uliopinda hapa chini kauchora Minza sasa hivi. Kalamu ilianguka chini ya kitanda, akaifuata mwenyewe akaileta. Taa hatujawasha.