Nondo za Daraja la Misima

Jumatatu, 2 Septemba 2024. Mpanda.

Leo imetimia miaka arobaini na mitatu tangu niondoke Misima, kijijini kwetu Handeni. Lori la mahindi hadi Korogwe, kisha treni. Nilisema naenda kwa miezi sita.

Nimeandika ukurasa wa kumi na mbili wa maelezo kwa vijana wa chuo cha ufundi. Kila Jumatatu ukurasa mmoja, mkono ukiruhusu. Wa leo ni safari ya mzigo. Mtu akisimama juu ya sakafu, uzito wake haukai pale aliposimama. Unaingia kwenye slabu, unahamia kwenye boriti, unashuka na nguzo, unafika kwenye msingi, ardhi inaupokea. Nilipokuwa kazini nilikuwa nauona ukitembea. Bado nauona. Zuhura, binti yangu, alinikuta nimeukazia macho ukuta akauliza kama nimekunywa dawa.

Jumanne, 3 Septemba

Mwanaidi ametuma picha. Ni mtoto wa marehemu Hamisi, mdogo wangu. Anafundisha shule ya msingi kule nyumbani. Kijiji kinajenga daraja la miguu juu ya korongo, kati ya vitongoji viwili na shule. Kuta mbili za mawe, mita nne kutoka ukuta hadi ukuta, slabu juu. Watoto watapita. Ng'ombe wa Wamasai pia watapita, watake wasitake.

Kuta ni nzuri. Mawe yamepangwa kwa kupishana. Mbao zimenyooka, mirunda ya kuzitegemeza imesimama sawasawa. Nikafurahi.

Kisha nikaikuza picha ya tatu. Nondo zimeinuliwa juu ya mawe marefu. Zote ziko juu, karibu na uso wa slabu. Chini hakuna hata moja.

Slabu iliyolala juu ya kuta mbili hupinda katikati. Juu inabanwa, chini inavutwa. Zege huvumilia kubanwa, halivumilii kuvutwa. Ndiyo maana tunaweka chuma upande unaovutwa. Hii yao haina kitu upande huo.

Sikula mchana.

Jumatano, 4 Septemba

Nimempigia fundi. Anaitwa Mhina. Baba yake, Athumani, alikuwa fundi wangu mwaka ule wa mwisho, tulipojenga kivuli cha zege kilichotokeza juu ya mlango wa zahanati, bila nguzo mbele.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hizo nondo umeziweka juu."

"Ndiyo mzee. Kama ulivyosema."

Nikadhani sikusikia vizuri. Akarudia. Baba yake alimfundisha neno moja kuu kuliko yote: nondo juu, usisahau. Na Athumani alilipata kwangu.

Nimelikumbuka. Lori lilikuwa linapiga honi. Nilimwambia Athumani, "Nondo juu. Ukisahau yote, hili usisahau." Kwa kivuli kile ilikuwa kweli kabisa, maana kivuli kimeshikwa upande mmoja, ncha yake inainama, na uso wa juu ndio unaovutwa. Sikumwambia sababu. Nilikuwa na haraka.

Nikamweleza Mhina. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Mzee, usinielewe vibaya. Neno la marehemu nilipangue kwa simu? Ulimwambia ukiwa kijana, akili kali. Sasa umri umeenda. Nitajuaje nikuamini wewe wa lini?"

Kuna mtu alicheka nyuma yake. "Muulize kama huko Mpanda zege linamwagwa kichwa chini!"

Mhina hakucheka. Alisema, "Sisi tulibaki, mzee."

Msaragambo, kazi ya pamoja ya kumwaga zege, ni Jumamosi. Kijiji kizima kimeitwa, kokoto imeshapondwa, mashine ya kuchanganyia zege imeazimwa kwa siku hiyo moja tu. Mbao zitaondolewa baada ya wiki nne. Na najua desturi ya mafundi wa kwetu. Mirunda ya mwisho inapotolewa, fundi hukaa chini ya kazi yake. Athumani alikaa chini ya kile kivuli akimenya muwa. Mhina naye atakaa.

Kosa ni langu. Naliandika hapa ili lisibaki kichwani tu.

Alhamisi, 5 Septemba

Asubuhi nilifungasha begi. Mashati mawili, msahafu, utepe wa kupimia. Basi la kesho halifiki Handeni kabla ya Jumamosi jioni. Nilijua hivyo tangu jana. Nilifungasha tu. Zuhura aliona mguu wangu ulivyovimba, akalifungua begi na kurudisha kila kitu kabatini bila kusema neno. Nilimkasirikia. Nikamshukuru.

Baada ya adhuhuri nikalala kitini. Nilikuwa ndani ya zege. Halikuwa gumu, lilikuwa kama ukungu wa asubuhi kule mlimani Mpale, wa kijivu, unatembea polepole. Juu yangu miguu midogo mingi ilikuwa inapita. Kila hatua iliingia, ikateremka, ikatafuta kitu cha kushika. Nilinyoosha mikono. Mikono yangu ilikuwa juu ya kichwa changu, haishuki.

Nilipoamka nilikuwa nimejua la kufanya. Mhina hataamini neno langu dhidi ya neno langu. Ataamini jicho lake.

Nilimwomba Zuhura mche wa sabuni ya kufulia. Nikauweka juu ya matofali mawili, nikabonyeza katikati. Ukapinda kama ugali. Sabuni mpya! Nilicheka peke yangu. Kisha nikapata kipande cha zamani nyuma ya ndoo, kikavu kama mfupa. Nikabonyeza taratibu. Ufa ukaanzia chini, mwembamba kama unywele, ukapanda juu. Kipande kingine nikakishika upande mmoja, kama kivuli cha zahanati, nikabonyeza ncha. Ufa ukaanzia juu.

Nimemweleza Mwanaidi yote kwa simu, mara tatu. Amesema, "Baba mkubwa, nafundisha darasa la tatu. Nimeelewa mara ya kwanza."

Ijumaa, 6 Septemba

Mwanaidi alikwenda baada ya sala ya Ijumaa, wanaume wakiwa wamesharudi pale korongoni. Aliniacha kwenye simu, mfukoni. Nilisikia kitambaa, upepo, vicheko.

"Mwalimu, umekuja kutufulia?"

"Nguo zako Mhina zinahitaji. Haya, bonyeza hapa."

Kisha sauti ndogo, kama mtu amevunja kijiti. Mwanaidi alimwacha aangalie mwenyewe. Ana akili yule mtoto. Alimpa kipande cha pili, akamshikisha upande mmoja.

Sauti ile ile tena. Mbuzi alilia mahali fulani.

Mhina akaomba simu. Sauti yake ilikuwa karibu sana. "Mzee. Kwa hiyo kule zahanati baba hakukosea?"

"Hakukosea hata kidogo. Alifanya kazi safi. Mimi ndiye niliyempa nusu ya maneno."

"Basi na hii ni nusu ya pili."

"Ndiyo. Hii ni nusu ya pili."

Akageuka, nikamsikia akipaza sauti: "Toeni hayo mawe! Shusheni nondo zote! Wekeni vipande bapa vya kokoto chini yake, unene wa kidole gumba, chuma kisiguse mbao!" Mtu akalalamika kwamba jua litazama kabla hawajamaliza. Mhina akamwambia aende akalishike.

Nilitoka nje. Hewa ya Mpanda ilikuwa na moshi wa mashamba. Nilisimama hadi miguu ikakataa.

Jumamosi, 7 Septemba

Mtandao wa kule haupatikani. Siku nzima. Nimewamwagia zege lile akilini, karai kwa karai, tangu asubuhi hadi alasiri. Nimechoka kama niliyebeba.

Jumapili, 8 Septemba

Picha imefika. Slabu imefunikwa magunia yaliyolowa maji. Siwezi kuona nondo sasa. Hakuna atakayeziona tena. Namwamini Mhina. Lazima.

Jumatatu, 9 Septemba

Ukurasa wa kumi na tatu. Nimeandika kanuni moja tu, na chini yake sababu yake, na chini yake mahali isipofaa. Umechukua asubuhi nzima.

Jumamosi, 5 Oktoba

Wametoa mirunda. Mhina alikaa chini, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwanaidi anasema alikuwa anakula chungwa. Mrunda wa mwisho ulipotoka, slabu ilitulia. Mhina akapapasa upande wa chini kwa kiganja, kutoka ukuta hadi ukuta. Hakupata ufa.

Nililia kidogo. Sina cha kuongeza.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua ya vuli imefika kwao. Mwanaidi alipiga asubuhi, akaiweka simu ukingoni mwa korongo. Nilisikia maji, mazito, ya rangi ya udongo, najua rangi yake bila kuiona. Juu ya maji nikasikia watoto wakipita, wengine wanakimbia. Mzigo mdogo, mwepesi. Niliufuata kwa macho yaliyofumbwa, ukateremka ukutani, ukaingia kwenye mawe, kwenye udongo wa kwetu.

Mwanaidi anasema njoo Disemba, mguu ukipona. Mhina anasema hivyo hivyo. Kaburi la Hamisi liko ng'ambo ya korongo, ni hatua chache tu kutoka darajani. Sikwenda kumzika. Mwanaidi amenisamehe zamani, hata kabla sijaomba.

Nimempa Zuhura lile begi, alitumie apendavyo. Leo kuna baridi kidogo hapa. Chai ni ya moto. Nusu ya maneno niliyodaiwa kule imeshafika bila mimi. Sitarudi Misima.