Macho Yako na Karatasi ya Kaboni

Kwako Mwaitu, mama yangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa hamu isiyopimika. Mko aje hapo Mbumbuni? Mvua imefika ama bado mnatazama mawingu yakipita? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku ng'ambo inanipasua midomo.

Uliniuliza kwa simu, "Mwikali, kwani hiyo ni kazi gani haiishi?" Sikukujibu vizuri. Kuna kaboni, ile ile ya makaa. Tunaibandua kwa selotepu, kweli sikudanganyi, mpaka inabaki karatasi nyembamba huwezi kuiona. Ndani yake tunapitisha elektroni, zile chembe za umeme. Kila moja ina kitu kinaitwa spini, ni kama imejisokota upande fulani. Mimi napima spini inasafiri umbali gani kabla ya kupotea. Ikifika mbali, siku moja kompyuta zitakula umeme kidogo. Basi, ndiyo hiyo kazi.

Wiki jana nilipata kipande kizuri kuliko vyote. Nikajiambia, nikishakipima, Desemba napanda ndege kuja nyumbani. Kwa ile furaha mkono ukaenda wenyewe, nikasugua kiganja kwenye paja vile wewe husokota makonge ya kusukia kiondo, vile ulinifundisha tukikaa nje ya jikoni. Mwaitu, hewa ya huku ni kavu na suruali yangu ni ya sufu. Ukisugua hivyo unajaza umeme mwilini. Nikagusa kipande kabla ya kushika waya wa kuutoa. Cheche moja tu, tap! Kikaungua.

Bosi akaniuliza, "Sasa mguu ulikuwa unausugulia nini?" Nikacheka, halafu nikaenda kulia kwa choo. Sikulilia kaboni. Nilililia harufu ya makonge mabichi, na wewe ukiimba nyimbo za kanisa nusu nusu.

Sasa naanza upya, na Desemba sitakuja. Najua uliapa huingii kwa daktari wa macho bila mimi kukushika mkono. Lakini daktari alisema usikawie, na mdogo wangu Musyoka ananiambia siku hizi unasokota kwa kupapasa. Tafadhali, usiningoje. Naogopa kukuvunja moyo, lakini nenda. Musyoka atakushika, hata kama mikono yake ni kama jembe.

Nisalimie huyo kitinda mimba wako, pia shangazi Kalekye anayeuza ndengu soko la Tawa, na baba mdogo Mutua na mbuzi wake watundu.

Nikija, nitasimama mbele yako kimya. Uniangalie, uniambie mwenyewe kama nimekonda.

Ni mimi mtoto wako,
Mwikali