Kopo la Mama Safi

Jumatatu, 11/10/2021
Baridi ya Butembo haina huruma. Majaketi mawili, na bado natetemeka! Kopo la mkojo wa Mama Safi lilifika maabara likiwa na joto. Nililishika kwa mikono miwili kabla ya kupima. Mtu akinisikia atacheka.

Mama Safi ni mchuuzi wa Beni, ana maumivu ya tumbo. Leo watamchoma dawa ya rangi ili picha ya tumbo ionekane vizuri. Dawa hiyo huweza kuumiza figo. Damu huchelewa kusema, mkojo husema mapema — ndiyo maana tumepewa bandeleti mpya, vijikaratasi vya kuchovya kwenye mkojo, tuzijaribu. Mstari mmoja, salama. Miwili, hatari.

Aliposikia nami nimezaliwa Beni, alinishika mkono. Ananiita mutoto wa kwetu. Tangu tumzike mama, hakuna aliyeniita mtoto.

Jumanne, 12/10
Mistari miwili.
Atabaki, awekewe serumu, maji ya mshipani. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi! Jioni nilikula naye sombe, majani ya muhogo, kitandani pake. Kisha nyumbani, mtaa wa Rughenda, kimya. Simu ililia mara moja — matangazo ya mtandao.

Jumatano, 13/10
Daktari Zorobabel anasema damu ni nzuri. Nikamwambia docteur, damu inachelewa. Akacheka mbele ya wote: «Adèle, weye unapenda tu ule mama abakiye hapa!»

Wakacheka wote. Nami niliona aibu, kwa sababu ni kweli. Lakini mistari nayo ni ya kweli.

Mama Safi analia «batoto, batoto». Watoto wake aliwaacha Beni kwa jirani, na usiku alioondoka waasi walichinja watu mtaa wa pili. Keshokutwa kuna msafara wa magari yanayolindwa na jeshi kwenda Beni.

Alhamisi, 14/10
Kopo limeletwa na Faida, mdogo wake anayemuuguza. Mstari mmoja. Daktari amesema unaona? Aende.

Kopo lilikuwa baridi. Kitanda chake kiko hatua chache tu kutoka maabara. Sikusema kitu. Nilichoka kuchekwa.

Sikwenda kula naye. Nilikunywa chai peke yangu.

Ijumaa, 15/10
Sikulala. Baridi! Mkojo wa mtu haupoi hivyo.

Kitanda kitupu. Nilichukua kopo jipya, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, mpaka msafara unapopangwa. Nikamkuta kwenye gari, Noah, kiti cha nyuma. Uso umevimba. Ndala hazimwingii.

Nikamuuliza Faida kopo la jana lilikuwa la nani. Akainama. «Ilikuwa yangu, dada, ya tangu usiku. Yeye hapana kukojola tangu juzi. Aliniomba.»

Nikamwambia Mama Safi ashuke, turudi sasa hivi. Nilimwambia wazi: figo zimefunga, utakufa. Akasema: «Jirani alikimbia, batoto beko peke yabo, Adèle. Nitashuka niende wapi?»

Nikamlilia askari wa msafara. Akasema gari likishaingia kwenye mstari halitoki, tena ananipa dakika moja: nibaki au nipande.

Nimepanda.

Naandika juu ya goti, gari linaruka-ruka. Daktari hajapokea simu, na sasa mtandao umekatika. Tumepita mahali pa kugeuzia. Mama Safi ameniegemea begani, ni mzito, anapumua kwa shida. Nilimpa kopo, ajaribu kukojoa. Amelishika kwa mikono miwili chini ya kitenge, macho ameyafumba.

Bado tupu.