Unga Alioniletea Elina

Jumatatu, 3 Machi
Nimepalilia alizeti nimekaa chini, najiburuza kama mtoto. Goti la kulia. Vidonge vya zahanati vinatuliza kidogo, halafu tumbo linawaka moto. Nimeviacha. Mafuta ya kuchua yananukia tu.

Alhamisi, 6 Machi
Hospitali. Binti wa mazoezi ya viungo kasema gegedu la goti, ile nyama ngumu inayokinga mifupa isisagane, limelika. Nikae kwenye kiti, ninyooshe mguu, niinue, nishushe. Kila siku. Nipunguze mwili, nitembee na fimbo. Nimemuuliza litapona lini. Kasema halitakuwa jipya tena, ila maumivu yatapungua. Taratibu. Nimeudhika. Magugu hayaendi taratibu.

Jumapili, 9 Machi
Mdogo wangu Elina kaja kutoka Shelui. Anauza mitishamba pale yanaposimama malori. Kaniletea unga wa kahawia. Kijiko kwenye uji, asubuhi na jioni.

Jumatano, 12 Machi
Nimepalilia nimesimama! Nimecheka peke yangu shambani. Mazoezi ya nini tena?

Jumapili, 27 Aprili
Kanisani wananisifia nimenenepa. Uso umekuwa mviringo, macho yamezama. Kiu haiishi. Nikipanda kilima kidogo nahema. Sipendi.

Ijumaa, 2 Mei
Daktari kaniangalia uso, kapima sukari. Imepanda. Nimemtajia unga wa Elina; anashuku umechanganywa na dawa kali ya hospitali, ile ya kushusha uvimbe. Kasema kuiacha ghafla ni hatari, kanipa vidonge vya kuipunguza polepole.
Mitishamba! Ndugu yangu wa tumbo moja kanilisha sumu.

Jumapili, 4 Mei
Nimekwenda Shelui. Elina kanipa shikamoo, sikuitikia. Nimemwaga kopo lake la unga chini, wateja wanatazama.
“Unaweka nini humu?”
“Sisagi mimi, dada. Naletewa. Lakini goti si lilipoa?”
Lilipoa! Nilinyanyua mkono nimpige. Ndipo nikamtazama vizuri. Mashavu yamejaa, shingo imevimba, miguu imefura kwenye kandambili.
“Na wewe unakunywa?”
“Magoti yangu nayo, dada. Nasimama hapa kutwa. Tangu mwaka jana nakunywa.”
Nimemwita mjinga. Nimemwita mara nyingi. Halafu nikaona nalia, nikakasirika zaidi.

Alhamisi, 8 Mei
Goti limerudi kuuma. Nanyoosha mguu kwenye kiti huku natukana. Nalitukana goti, namtukana anayesaga ule unga, popote alipo. Simjui hata jina.

Jumanne, 13 Mei
Nimempeleka Elina hospitali. Hakutaka. Nilimwambia asipopanda gari nami sipandi.
Alipoitwa, aligeuka mlangoni kuniangalia. Nikamwambia ingia.
Bado nimemkasirikia. Nimekaa kwenye benchi, nimepakata mkoba wake, hadi akatoka.