Moshi wa Mataruma

Jumatatu, 9 Januari
Hakuna upepo tangu juzi. Moshi umelala juu ya mtaa na hautaki kuondoka. Theluji ya uani nyeusi. Mashuka niliyoanika nimeyarudisha ndani kuyafua upya — kazi bure.

Kwenye kundi la mtaa la simu wanakitukana kiwanda cha chuma tangu asubuhi. Na mimi nikaandika: watatumaliza hawa. Wengi wakaniunga mkono. Halafu nikaenda kuchochea jiko.

Mume wangu Ermek bado analeta mataruma ya reli, yale ya mbao yanayong'olewa. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, vijana wa pale hawamnyimi. Mbao zimekunywa lami miaka na miaka. Zinawaka — acha tu. Makaa ya mawe ya maana yameadimika mwaka huu. Lakini moshi wake mzito, wa njano. Unapanda kidogo, kisha unashukia ng'ambo ya uzio, kwa jirani yetu Saltanat.

Leo nimesimama nikauangalia mpaka mwisho. Miaka yote nilikuwa sitaki kuangalia.

Jumatano, 11 Januari
Saltanat kaja na maandazi ya moto, kambeba mwanawe Sanjar. Mtoto alisimama mwenyewe jana! Jumapili watamfunga miguu kwa kamba nyeusi na nyeupe, ile mila yetu ya kumfungulia mtoto hatua zake za kwanza, na eti mimi ndiye nitakayeikata. Nikamwambia tafuta mtu mwenye mbio, magoti yangu haya ya nini. Akacheka, akasema: Shangazi Raushan, mtoto hufuata nyayo za aliyemkatia kamba, nami nataka awe na moyo kama wako.

Moyo kama wangu. Nikammiminia chai.

Mtoto alikohoa muda wote, kikohozi kikavu kama cha mzee. "Kiwanda hiki," mama yake akasema. Nami nikaitikia, kiwanda hiki. Bila haya.

Jumamosi, 14 Januari
Nimemwambia Ermek tuache mataruma. Tumegombana.

"Bomba la kiwanda linatema moshi mwaka mzima, wewe unahangaika na kijibomba chetu?"

"La kiwanda liko kule. Letu liko dirishani kwa mtoto."

"Basi kaa na baridi, bibie. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri. Magoti yakianza kuuma usiniite."

Na kweli anayaleta kwa ajili ya magoti yangu. Ndiyo maana hata kumkasirikia vizuri nashindwa. Jioni aliwasha, nikasogea karibu, nikaota moto. Nilijisikia vizuri. Najichukia kuandika hivyo.

Jumapili, 15 Januari
Kamba haikukatwa. Sanjar yuko hospitali, pumzi zilimkwama asubuhi. Daktari kasema mtoto akae mbali na moshi. Mbali wapi, mji huu?

Saltanat kanipigia simu analia, anataka nimwombee mwanawe. Nimemwombea. Nimezima jiko, nimevaa koti ndani ya nyumba. Ermek kanitazama, naye akavaa lake.

Jumatano, 18 Januari
Ermek kahangaika, kapata gunia la makaa ya mawe. Moja tu. Mtoto karudi, ana nafuu.

Nilikwenda kumwambia Saltanat. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Kafungua mlango, kanikumbatia, kanishukuru kwa dua. Nikarudi nayo yote.

Ijumaa, 20 Januari
Jiko la Saltanat limepasuka, nyumba yao barafu tupu. Mumewe yuko zamu kiwandani. Saltanat kaja kwetu na mtoto na magodoro. Hatukuwa na la kufikiria, ni jirani.

Sanjar kalala mchana kutwa, hakukohoa hata mara moja. Si ajabu — moshi wetu hauji upande wetu.

Saltanat kafurahi mno. "Umeona, shangazi? Kwako hakohoi kabisa. Nyumba hii ina baraka. Tukae mpaka theluji iyeyuke?"

Nikasema kaeni. Ningesema nini?

Gunia limekwisha saa hii. Ermek kazunguka kwa watu wote anaowajua, karudi mikono mitupu. Ukuta wa jiko unapoa. Saltanat kamfunika mtoto kwa koti langu, kamshika vidole. Shangazi, ongeza moto kidogo, mikono imempoa.

Nikasema subiri kidogo, nikachukua daftari hili nijifanye nina shughuli. Yuko hapa mbele yangu, anaimba taratibu. Hajui naandika nini. Kama nitamwambia, ni sasa. Akijua, atambeba mwanawe atoke naye kwenye baridi ile, namjua. Nisipomwambia, tutawasha mataruma, na moshi utashukia kwake ambako sasa hakuna mtu, kisha nyumba inayofuata. Kwa Bolat. Wana mapacha, hata meno hawajaota.

Ermek yuko mlangoni na msumeno wake wa kukatia mataruma mkononi. Ananitazama mimi, hamtazami Saltanat. Anauliza mara ya pili, polepole: nilete?

Mtoto ameanza kutetemeka. Nimeitikia kwa kichwa, na Saltanat ananishukuru.